Tani za kilimo hai: Hesabu ipi inalipwa sokoni?

KIONGOZI wa chama cha ushirika anayekaa mezani na mnunuzi wa kahawa, pamba au kakao kutoka Ulaya huulizwa swali moja mapema sana: mna tani ngapi za hai? Swali ni fupi, lakini lina majibu zaidi ya matano, yote yakiwa ya kweli kwa namna yake. Chama kinachotoa jibu lisilo lake hujikuta kimesaini mkataba kisichoweza kuutimiza.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia kudanganya. Takwimu za kilimo hai zina makundi na maana zake, na maana hizo hazilingani na lugha ya kawaida ya shambani wala ya ghalani. Idadi ya wakulima, ukubwa wa ardhi, mavuno na mauzo ni hesabu nne tofauti. Ndani ya kila moja kuna kilichothibitishwa, kilicho katika kipindi cha mpito na kisichohesabiwa kabisa.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hizo si jambo la kuachia ofisi za takwimu. Nyongeza ya bei inayomfanya mkulima akubali usumbufu wa kilimo hai hulipwa kwa hesabu moja tu kati ya hizo. Nyingine zote ni za kujaza ripoti.

CHETI KWANZA

Mitaani mtu husema shamba lake ni la kilimo hai kwa sababu hajawahi kununua mbolea ya chumvichumvi. Kwa mtakwimu, shamba hilo halimo katika safu ya hai.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya kilimo hai, IFOAM, lilipitisha tafsiri yake ya kilimo hai mwaka 2008 huko Vignola, Italia. Tafsiri hiyo inakieleza kuwa ni mfumo wa uzalishaji unaolinda afya ya udongo, ya mazingira na ya watu, ukitegemea nguvu za asili za mahali husika badala ya pembejeo zenye madhara. Ni maneno mazuri kwa mafunzo ya wakulima, lakini afya ya udongo haijumlishwi kwa kikokotoo. Kwa hiyo watakwimu hutumia kipimo kinachoshikika, nacho ni cheti.

Hai, kitakwimu, ni kile kilichozalishwa kwa kufuata kiwango kilichoandikwa, kikakaguliwa na kupewa cheti. Viwango vyenyewe viko kadhaa. Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya FAO na WHO, ilitoa mwongozo wake mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulikuwa na sheria yake tangu 1991, na Marekani ilianza kutumia kanuni zake za taifa mwaka 2002. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai kwa bidhaa za soko la ndani na la kikanda.

Korosho inatoa mfano mzuri wa jinsi cheti kinavyoweza kupingana na macho. Mkulima wa Mtwara anayepulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga anaweza kuwa ndani ya kilimo hai, kwa sababu salfa imo katika orodha ya viuatilifu vinavyoruhusiwa na kanuni za Ulaya, mradi bidhaa aliyonunua iwe imekubaliwa na mkaguzi wake. Jirani yake asiyepulizia chochote, lakini hana faili wala mkaguzi, hahesabiwi.

Ndiyo maana haifai kuchanganya takwimu za kilimo hai na takwimu za matumizi ya samadi na mboji. Sensa ya sampuli ya kilimo ya Tanzania ya mwaka 2019/20 ilikusanya habari za kaya zinazotumia mbolea za asili na zinazotumia za viwandani. Kaya inayotia samadi kwenye migomba imehesabiwa huko kama mtumiaji wa samadi tu. Anayechukua idadi hiyo na kuiita idadi ya wakulima wa hai ameongeza wakulima ambao mnunuzi hatawatambua.

Kati ya cheti na kutokuwa na cheti ipo njia ya tatu, uhakiki shirikishi, ambapo wakulima, walaji na wadau wengine wa eneo moja hukaguana kwa kiwango walichokubaliana. Njia hii inatumika Afrika Mashariki kwa mboga na matunda ya masoko ya mijini, na bidhaa zake zinaweza kubeba alama ya Kilimohai. Hata hivyo, haifungui mlango wa Umoja wa Ulaya wala wa Marekani, ambako cheti cha chombo kinachotambuliwa ni lazima. Katika takwimu huwekwa kando, na katika mkataba wa kuuza nje haina nafasi.

KIPINDI CHA MPITO

Shamba lililokuwa likitumia kemikali haligeuki hai siku ya kusaini fomu. Lipo katikati kwa muda, na kundi hili la katikati ndilo linalovuruga hesabu kuliko jingine lolote.

Codex na Umoja wa Ulaya wanataka angalau miaka 2 kabla ya kupanda kwa mazao ya msimu kama pamba na ufuta, na miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya hai kwa mazao ya kudumu kama kahawa, kakao na karafuu. Marekani inahesabu vingine: miaka 3 tangu kitu kilichokatazwa kitumike shambani kwa mara ya mwisho hadi siku ya kuvuna, zao liwe la msimu au la kudumu.

Tofauti hiyo ndogo ina gharama. Chukulia mkulima wa pamba aliyepulizia dawa kwa mara ya mwisho Novemba 2021 na kuingia rasmi katika mpango wa hai tarehe 1 Desemba 2021. Akipanda katikati ya Desemba 2023, miaka 2 ya Ulaya imetimia. Akivuna Juni 2024, miaka 3 ya Marekani haijatimia, kwani imepita miezi 31 tu. Pamba ile ile ni hai ikielekea Hamburg, na si hai ikielekea New York.

Kanuni zinaruhusu pia muda uliopita utambuliwe endapo upo ushahidi wa kutosha kwamba shamba halikuwekewa kitu kilichokatazwa. Kwa maeneo mengi ya Tanzania ambako pembejeo za viwandani hazikufika, nafuu hiyo ni kubwa. Lakini ushahidi ni karatasi, na chama kisichotunza kumbukumbu za miaka ya nyuma huanza kuhesabu upya.

Jambo ambalo wasomaji wengi wa ripoti hawaligundui ni kwamba jumla ya ardhi ya hai inayotangazwa duniani hujumuisha ardhi ya mpito. Ndivyo inavyofanya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Hai ya Uswisi, FiBL, ambayo pamoja na IFOAM hutoa kitabu cha takwimu kila mwaka. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya nayo hujumlisha hivyo, ingawa hutenganisha ardhi iliyokamilisha mpito na isiyokamilisha kwa anayetaka kuchungulia ndani.

Kwa serikali inayopanga sera, kujumlisha kuna mantiki, kwa kuwa kunaonyesha mwelekeo. Kwa mfanyabiashara, ekari ya mpito ni mzigo wa mwaka kesho au keshokutwa. Mkulima wake anabeba masharti yote ya hai huku akiuza, mara nyingi, kwa bei ya kawaida.

ARDHI, EKARI NA ZAO

Ardhi ya kilimo hai hugawanywa katika mafungu makuu matatu: ardhi ya mazao ya msimu, ardhi ya mazao ya kudumu, na malisho ya kudumu. Nje ya mafungu hayo huwekwa maeneo ya kuchuma mazao ya porini, maeneo ya ufugaji nyuki, misitu na ufugaji wa samaki.

Asiyejua mgawanyo huu hushangaa bila sababu. Takwimu za mwaka 2022 zilionyesha hekta milioni 96.4 za ardhi ya kilimo hai duniani, na zaidi ya nusu yake, hekta milioni 53, ilikuwa Australia peke yake. Sehemu kubwa mno ya hekta hizo za Australia ni nyanda za malisho ya mifugo. Hazimwambii mwenye kahawa au ufuta lolote kuhusu mshindani wake. Vivyo hivyo, Finland inaongoza kwa maeneo ya kuchuma mazao ya porini kwa sababu ya matunda yanayochumwa kwenye misitu yake. Anayechanganya misitu hiyo na mashamba atadhani Finland ni ghala la kilimo.

Nyumbani tatizo huwa jingine, nalo ni mseto. Katika kibanja cha Kagera, kahawa hukua chini ya migomba, na katikati hupandwa maharage. Ekari moja ya kibanja ni ekari moja ya hai. Ikiandikwa ekari moja ya kahawa, ekari moja ya ndizi na ekari moja ya maharage, ardhi imeongezeka mara tatu bila kununuliwa. Utaratibu unaofaa ni kuiandika chini ya zao kuu, au kuigawa kwa uwiano wa mazao yaliyomo, na kueleza ni njia ipi iliyotumika.

Katika pamba suala ni mzunguko. Meatu, mkoani Simiyu, ambako kilimo cha pamba hai kilianza miaka ya 1990, kinachopewa cheti ni shamba pamoja na mzunguko wake wa mazao. Pamba hubadilishana na mtama, choroko na dengu. Ardhi yote imo katika cheti, lakini si yote yenye pamba kwa msimu mmoja. Anayezidisha ekari zote kwa kilo za pamba za ekari moja amehesabu choroko kama pamba.

Kisha kuna vipimo vyenyewe. Mkulima hutaja ekari, cheti na ripoti hutaja hekta. Hekta moja ni ekari 2.47. Fomu iliyojazwa ekari kwenye safu ya hekta hukuza shamba karibu mara mbili na nusu. Kosa la namna hiyo halibaki dogo, kwa sababu makisio ya mavuno hutokana na safu hiyo hiyo.

NANI ANAHESABIWA KUWA MKULIMA

Wakulima wadogo wengi wa Afrika Mashariki hawana cheti binafsi. Gharama ya mkaguzi kutembelea shamba la ekari 2 ingemaliza faida yote. Wao huingia katika cheti cha kundi, wakisimamiwa na mfumo wa udhibiti wa ndani. Maofisa wa kundi hukagua kila shamba, kila mwanachama ana faili na ramani, na mkaguzi wa nje hupitia mfumo huo na kutembelea sampuli ya mashamba.

Hapo takwimu hutawanyika. Nchi moja huripoti kila mkulima wa kundi, nyingine huripoti kundi zima kuwa mzalishaji mmoja. FiBL yenyewe hutahadharisha kwamba baadhi ya nchi huripoti kampuni au makundi tu, hivyo jumla ya wazalishaji duniani ni pungufu ya hali halisi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, iliongeza utata huo kwa wauzaji wa Afrika, ingawa walipewa muda wa kujipanga. Kanuni hiyo iliweka kikomo cha wanachama 2,000 kwa kundi moja na kutaka kundi liwe na hadhi yake ya kisheria. Pia iliweka masharti kwa kila mwanachama: ama awe na ardhi isiyozidi hekta 5, ama mauzo yake ya hai yasizidi euro 25,000 kwa mwaka na gharama ya cheti binafsi izidi asilimia 2 ya mauzo hayo.

Kwa sharti hilo, mpango mmoja wenye wakulima 9,000 hulazimika kugawanyika katika makundi yasiyopungua matano. Katika daftari la vyeti, mzalishaji mmoja amekuwa watano. Hakuna mche mmoja uliopandwa, hakuna gunia lililoongezeka. Anayesoma ongezeko hilo kama ukuaji wa sekta amesoma mabadiliko ya sheria.

Kanuni hiyo ina meno pia. Ikionekana kwamba udhibiti wa ndani umeshindwa kazi, hasa kwa kutogundua au kutochukulia hatua makosa ya wanachama, cheti huondolewa kwa kundi zima. Mkulima mwaminifu huanguka pamoja na mdanganyifu.

TANI ZA NINI?

Baada ya ardhi na wakulima huja uzito, na hapa ndipo fedha ilipo. Neno tani peke yake halitoshi bila kutaja hatua ya zao.

Kahawa ya robusta ya Kagera hupimwa kwa mkulima ikiwa ya maganda, lakini soko la dunia hununua kahawa safi iliyokobolewa. Kwa hesabu ya haraka, kilo 2 za maganda hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Pamba hupimwa vijijini ikiwa na mbegu zake, na nyuzi zinazotoka kiwandani ni kama theluthi moja au zaidi kidogo ya uzito huo. Ripoti inayosema tani 1,000 za pamba hai bila kutaja ni pamba mbegu au pamba nyuzi inaweza kumaanisha tani 1,000 au tani 350.

Mgawanyo wa mwisho ni kati ya kilichozalishwa kama hai na kilichouzwa kama hai. Choroko ya Meatu inaweza kuwa hai kamili shambani na bado ikauzwa gulioni kama choroko nyingine yoyote, kwa kukosa mnunuzi wa hai. Kahawa nayo inaweza kuvuja kabla haijafika ghalani. Wapo wakulima wa Kagera wanaouza kahawa ikiwa bado mtini kwa walanguzi, biashara inayojulikana kama butura, kwa sababu ada za shule hazisubiri msimu. Kahawa hiyo imo katika makisio ya hai, lakini haitafika kwenye kontena la hai.

MFANO WA CHAMA KIMOJA

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha jinsi majibu yanavyotofautiana. Chukulia chama cha kahawa chenye wanachama 1,800. Kati yao 1,500 wamejiandikisha katika mpango wa kilimo hai. Ukaguzi wa mwaka ukakuta 900 ni hai kamili, 400 wako katika mpito, na 200 hawakukaguliwa, kwa hiyo hawana hadhi yoyote mwaka huo. Kila mmoja ana ekari 2, moja ikiwa ya kahawa, na makisio ni kilo 300 za maganda kwa ekari ya kahawa.

Mwenyekiti akihesabu wanachama wote, atasema tani 540. Ofisa wa mpango akihesabu waliojiandikisha, atasema tani 450. Mkaguzi akihesabu hai kamili, atasema tani 270 za maganda. Mhasibu wa kiwanda akikoboa tani hizo, atapata tani 135 za kahawa safi. Karani wa ghala aliyeona robo moja ikipotelea kwenye butura atasema tani 101.

Mtakwimu wa kimataifa, kwa upande wake, atajumlisha hai kamili na wa mpito, yaani wakulima 1,300 wenye ekari 2,600, na kuandika hekta 1,052 za ardhi ya hai. Hajakosea, maana hiyo ndiyo tafsiri yake.

Mnunuzi akisikia tani 540 na kudhani ni kahawa safi, ataandaa makontena 28 yenye magunia 320 ya kilo 60 kila moja. Chama kina uwezo wa kujaza makontena 5.

Sasa iwekwe nyongeza ya bei, ya mfano pia, ya shilingi 500 kwa kilo ya kahawa safi. Kwa hesabu ya mwenyekiti ni shilingi milioni 270, ambazo zikigawanywa kwa wanachama 1,800 kila mmoja hupata shilingi 150,000. Kwa hesabu ya ghala ni shilingi milioni 50.6. Zikigawanywa kwa wakulima 900 wanaostahili, kila mmoja hupata shilingi 56,250, tena kabla ya kutoa gharama za ukaguzi. Mkutano mkuu ulioahidiwa ile ya kwanza hautaipokea ya pili kwa makofi.

Hatari kubwa zaidi ni kujaza pengo. Chama kilichoahidi makontena mengi huwa na kishawishi cha kupokea kahawa ya wakulima wa mpito au ya wasiokaguliwa. Mkaguzi hulinganisha ekari, makisio ya mavuno, stakabadhi za ununuzi na uzito uliosafirishwa. Kilo zilizozidi uwezo wa mashamba huonekana kwenye mizania hiyo hata kama maabara haitakuta chembe ya dawa kwenye kahawa.

TAKWIMU ZA NCHI NA ZA FORODHA

Kwa Tanzania, takwimu za FiBL za mwaka 2018 zilitaja karibu hekta 278,000 na wazalishaji wapatao 148,600. Ukigawanya, kila mzalishaji ana hekta 1.9 hivi, chini kidogo ya ekari 5. Uwiano huo unaeleza sekta ilivyo: wakulima wadogo walio ndani ya vyeti vya makundi. Australia yenye mamilioni ya hekta ina wazalishaji elfu chache tu.

Lakini mwaka ulioandikwa juu ya jedwali si lazima uwe mwaka wa takwimu. Uganda ilionyeshwa kuwa na wazalishaji 404,246 katika takwimu za 2021, na idadi ile ile, bila kupungua wala kuzidi hata mmoja, ikarudi katika takwimu za 2022. Wakulima laki nne hawakai mwaka mzima bila mmoja kufa, kujiunga au kujitoa. Nchi isipotuma takwimu mpya, za zamani huendelea kutumika. Msomaji makini hutazama maelezo ya chini ya jedwali kabla ya kutangaza kwamba sekta imesimama.

Je, forodha haiwezi kusaidia? Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha haujatenga hai katika tarakimu zake 6 za pamoja. Kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini huingia namba 0901.11 iwe hai au isiwe hai. Marekani iliongeza tarakimu zake za ndani kwa baadhi ya bidhaa za hai kuanzia mwaka 2011, lakini hizo ni zake. Anayetafuta mauzo ya nje ya hai ndani ya jumla ya mauzo ya kahawa hatayaona, kwa sababu hayakutenganishwa tangu mwanzo.

Chanzo kinachotegemeka zaidi ni vyeti vya shehena. Umoja wa Ulaya hudai cheti cha ukaguzi kwa kila mzigo wa hai unaoingia, kupitia mtandao wake wa TRACES, na Tume ya Ulaya imekuwa ikitoa takwimu za uagizaji kutokana na vyeti hivyo kuanzia takwimu za 2018. Marekani ilianza kudai cheti cha elektroniki kwa kila shehena tarehe 19 Machi 2024. Takwimu hizi hazitaji ekari wala wakulima. Zinataja uzito uliovuka mpaka ukiwa na jina la hai, jambo ambalo mnunuzi ndilo analilipia.

Tanzania ilizindua mkakati wake wa taifa wa kilimo ikolojia hai Novemba 2023. Uganda ilikuwa imepitisha sera yake ya kilimo hai mwaka 2019. Utekelezaji wa mipango hiyo utapimwa kwa takwimu, na itakuwa hasara ikiwa wizara itahesabu wanaotia samadi, vyama vya wakulima vihesabu vyeti, na wauzaji wahesabu makontena, kisha wote watumie neno moja.

KABLA YA KUSAINI

Kwa chama au kampuni inayojiandaa kwa msimu, kazi ya kwanza ni daftari la wakulima lenye safu zinazojitegemea: ardhi yote ya mkulima, ardhi ya zao lenyewe, hadhi yake mwaka huu, tarehe ya mwisho ya kutumia kitu kilichokatazwa, makisio ya mavuno, na uzito aliofikisha msimu uliopita. Kipimo cha ardhi kiwe kimoja, ekari au hekta, na kiandikwe juu ya safu.

Kazi ya pili ni kumuuliza mnunuzi soko la mwisho la mzigo. Orodha ya wakulima wanaofaa kwa Ulaya inaweza kuwa ndefu kuliko ya wanaofaa kwa Marekani, na kuchanganya orodha hizo mbili ghalani ni kuharibu zote.

Kazi ya tatu ni kuandika katika mkataba hatua ya zao, kwa maneno yasiyo na utata: kahawa safi au ya maganda, pamba nyuzi au pamba mbegu, kakao kavu. Mkataba utaje pia kwamba kiasi kinatokana na wakulima waliokamilisha mpito, na uache nafasi ya kupungua kwa kiwango ambacho kumbukumbu za ghala za misimu iliyopita zinaonyesha.

Wakulima wa mpito waandikiwe makisio yao peke yao, yenye mwaka watakaokamilisha. Mnunuzi wa muda mrefu hupenda kuyaona, kwa kuwa yanamwonyesha mzigo wa misimu inayokuja. Wengine hukubali kulipa nyongeza ndogo kwa mazao ya mpito ili wasipoteze wakulima hao kwa walanguzi. Mazungumzo hayo huanza vizuri zaidi pale ambapo chama chenyewe kimeitaja tofauti hiyo kabla mkaguzi hajaigundua.